Upande wa Kibla Hapachimbwi

Mzee Shomari alikuwa mtu wa kukataa. Ukitaka kumjua, anzia hapo. Alikataa kubomoa nyumba yake ya miti na udongo ajenge ya matofali, alikataa redio ndani ya nyumba, alikataa kumwita mkewe kwa jina mbele za watu, na vyama vya siasa viliporuhusiwa kuwa vingi alikataa kadi zote, ya zamani na mpya. Alisema kanzu yake ina mfuko mmoja tu, na humo mna tasbihi.

Mimi nilikuwa jirani yake miaka yote hiyo. Cherehani yangu ilikaa kibarazani kwangu, Temeke, mtaa tuliouita Kisimani. Mkono wa kulia nilitazamana na kisima cha akina Shomari. Mkono wa kushoto nilitazamana na duka la Awadh, ambalo baraza lake ndilo lilikuwa bunge la wanaume. Nikashona, nikasikia. Mwanamke mwenye cherehani haulizwi habari za siasa, lakini masikio hayana mlango, na mimi sikuzaliwa bubu.

Kisima kilichimbwa na babu yake Shomari, wakati Temeke yote ilipokuwa minazi na mihogo. Mdomo wake ulizungushiwa mawe ya matumbawe, na kamba za ndoo zilikuwa zimeyala mawe hayo mpaka yakawa na mifereji laini. Babu alipokaribia kufa alikitoa wakfu, kwa kinywa chake, mbele ya wanawe, na akakiwekea miiko. Maji yake hayauzwi. Hakifungwi, wala mtu hanyimwi, awe nani. Anayechota maji ya kuoshea maiti hapangi foleni, anapishwa. Na upande wake wa kibla hapachimbwi kitu, si msingi, si jalala, si choo.

Ile miiko mingine kila mtu aliielewa. Huo wa kibla hakuna aliyeujua maana yake. Watoto walisema kuna jini. Shomari mwenyewe, ukimuuliza, alikujibu bila haya: "Sababu ilikuwepo. Aliyekuwa nayo kafa nayo. Sie tumebakiwa na neno, na neno ndilo tunalolishika."

Usimdhanie mjinga. Alikuwa na hoja yake, na aliijua kuisema. Alisema jambo lililokaa tangu enzi za babu limekwisha kufanyiwa mtihani na jua, mvua, njaa na vita, na bado lipo. La kwako limekuja jana na mdomo mtupu. Alisema binadamu ni kiumbe wa kukosea, kwa hiyo usimpe mtu mmoja madaraka ya kuwapangia wengine maisha, hata akiwa msomi, hasa akiwa msomi. Alisema mtaa haujengwi kama kibanda, mtaa unaota kama mkorosho, na anayeng'oa mizizi ili aone kama mti unakua ataona kuni.

Hayo hakuyatoa hewani. Miaka ya sabini walikuja watu na mpango wao. Walisema kisima cha kamba ni mambo ya kizamani, wakakifunika kwa zege na kusimika pampu ya mkono. Fungeni wiki mbili tu, walisema, zege likauke. Pampu ikafa kabla ya mwezi. Kipuri kikaagizwa, kipuri kikasubiriwa, na kisima kikakaa kimefungwa mvua mbili zikapita. Mkewe, Bi Mwanakombo, akawa anafuata maji mbali, ndoo kichwani, mimba tumboni. Ile mimba ikaharibika njiani, na baada yake hakushika nyingine. Siku aliyotoka hospitali, Shomari alichukua sululu akalivunja lile zege mbele ya balozi wa nyumba kumi, na balozi, ambaye hakuwa mtu mbaya, aligeuka akatazama pembeni.

Kwa hiyo mtu akimwambia Shomari neno "mpango," alikuwa anamwambia habari ya mtoto wake.

Pale kwa Awadh walikaa watatu kila baada ya sala ya alasiri, kahawa na kashata katikati. Awadh mwenyewe, ambaye babu yake alitoka Hadhramaut na yeye hajawahi kutoka Temeke isipokuwa kwenda Kariakoo kuchukua bidhaa, dini yake ya pili ilikuwa mali. Mwachieni mtu na chake, alikuwa akisema, auze anachotaka kwa anayetaka, nanyi mtaona sukari itakavyorudi yenyewe. Miaka ile ya msako wa wahujumu uchumi alikuwa amemwaga magunia ya sabuni chooni kwa hofu, na povu likatoka mpaka barabarani, mtaa mzima ukacheka huku unalia kwa kukosa sabuni. Hakusahau.

Wa tatu alikuwa Gregori, sajini mstaafu aliyetumikia kambi ya Gongo la Mboto, mtu wa Songea, mgongo umenyooka kama rula. Yeye hakujali mali wala mila za Pwani. Alitaka utaratibu. "Watu bila amri ni kuku walioona mwewe," alisema. Aliwadharau waliopanga mipango, si kwa sababu walipanga, bali kwa sababu walipanga kisha hawakusimamia.

Basi hao watatu wakapatana kama pete na kidole. Wote walichukia mambo ya kuivuruga dunia ili ijengwe upya. Siku moja redio ya Awadh ilitaja wahafidhina wa nchi fulani, na Shomari akauliza ndio watu gani hao. Gregori akamwambia ni watu wasiotaka mabadiliko, wanaohifadhi vya zamani.

"Basi ndio mie," Shomari akasema.

"Na mie," akasema Awadh.

"Sote," akasema Gregori, wakagonga vikombe.

Mimi nilikata uzi kwa meno nikacheka peke yangu. Kupatana kwenye kahawa ni rahisi.

Ruksa ikaja, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa, mitumba ikashuka kwa marobota, mtu akawa anauza mchicha mlangoni pasipo kuulizwa na yeyote. Awadh alinenepa. Bomba la mtaa, ambalo hata zamani lilikohoa tu, likakauka kabisa, naye akasimika tangi kubwa pembeni ya duka, akawa analetewa maji na boza na kuyauza kwa ndoo.

"Unauza maji, Awadh?" Shomari alimtania.

"Nauza usafiri, bwana. Maji ya Mungu, boza la watu."

Wenye nacho walinunua kwa Awadh. Wasio nacho walikwenda kwa Shomari, na foleni ya kisimani ikafika mlangoni kwangu.

Sasa, Shomari hakuwa na mtoto, lakini alikuwa na Jamali. Jamali alikuwa mwana wa mdogo wake marehemu, na Bi Mwanakombo ndiye aliyemlisha na kumwogesha mpaka akaota ndevu. Alifanya kazi kiwandani. Kiwanda kikauzwa, na mmiliki mpya akawapunguza. Jamali akarudi nyumbani na mfuko wa plastiki wenye sare yake, mke, watoto, na kiwanja alichorithi kwa baba yake. Kiwanja hicho kilikuwa upande wa kibla wa kisima.

Nilimwona anapanga matofali. Nilimwona Shomari anatoka na bakora yake.

"Shikamoo, bamkubwa."

"Marahaba. Unajenga?"

"Vyumba vya kupangisha. Kazi hakuna, bamkubwa. N'tawalisha nini hawa?"

"Jenga, mwanangu. Choo utaweka wapi?"

"Huko nyuma. Hakuna pengine, uwanja wenyewe ndio huu."

"Huko hapachimbwi."

Jamali alifuta jasho. Hakuwa na kiburi, nataka lieleweke hilo. "Nakuuliza kwa adabu. Nipe sababu moja tu. Ukinipa sababu, choo nakihamisha leo hii, hata kama n'takosa chumba kimoja."

Shomari akaegemea bakora yake. Nilisimamisha cherehani ili nisikie atakavyojibu. Nilitaka, wallahi, aseme chochote, hata jini, hata uongo.

"Babu alisema," akasema.

"Babu alisemaga pia baiskeli ni haramu. Na wewe mwenyewe hapo kwa Awadh kila siku unasema nini? Mali ya mtu ni ya mtu, asije mwingine kumpangia. Uwanja huu kaniachia baba. Au maneno yale ni ya watu wengine tu?"

Neno hilo lilimpiga. Alirudi barazani kwa rafiki zake, nami nikamwona ameketi chini kabisa, ngazini, kama mgeni.

Awadh alichezea kikombe. "Shomari, n'seme nini mie? Leo n'kisema Jamali asichimbe kwake, kesho watakuja kunambia mie nisiuze kwangu. Kijana ana njaa."

Gregori alikuwa na dawa tayari. "Nenda kwa bwana afya. Choo karibu na kisima kina sheria yake. Amri itatoka, atahamisha, mambo yamekwisha."

"Niilete serikali hapa?" Shomari alimwangalia kama ametukanwa. "Ikiingia kwa mlango wa choo, Gregori, itatokea kwa mlango wa kisima. Nishaiona."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwacha mila ni mtumwa. Atajionea."

Hapo ndipo nilipotambua kuwa wale watatu hawakuwahi kukubaliana hata siku moja. Walikuwa na adui mmoja tu. Adui alipoondoka, kila mmoja akabaki na lake: huyu mali, huyu amri, huyu mila. Na katikati ya hayo matatu Jamali akachimba choo chake, kirefu, kizuri, mlango wa bati.

Haikutokea kitu. Nalisema hili kwa sababu watu wakisimulia siku hizi husema maji yalibadilika mara moja. Uongo. Mvua zikaja zikaenda, uchaguzi ukaja ukaenda, wapangaji wakajaa vyumba vya Jamali, na maji ya kisima yakabaki matamu vilevile. Jamali akawa akipita anatania, "Bamkubwa, jini kahama?" Bi Mwanakombo anacheka nyuma ya upindo wa kanga, na Shomari anajikaza asicheke. Alianza kulegea. Nilimsikia siku moja akimwambia mkewe kwamba labda mwiko ule ulikuwa wa zama zake. Nilimwonea huruma. Ni vibaya mtu mzima kugundua kwamba amelinda patupu.

Kisha zikaja mvua za elnino. Zilinyesha mpaka tukasahau jua lilivyo. Uwanja wa Jamali ukawa bwawa, maji ya choo yakapanda yakasawazika na ardhi, na kisima, ambacho siku zote kilihitaji kamba ndefu, kikajaa hata ukaweza kukiinamia ukachota kwa kata. Watu wakafurahi kwa wepesi wa kuchota.

Wa kwanza kuugua alikuwa mtoto wa Margareta. Margareta alikuwa mpangaji wa Jamali, msichana wa Iringa, anauza vitumbua, mumewe amekwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani na hajarudi. Mtoto alianza kuharisha asubuhi, maji matupu meupe kama ya kuoshea mchele, na adhuhuri akawa amekwisha. Tulidhani ni meno. Margareta alikuja kisimani na ndoo, macho makavu, akasimama mwisho wa foleni kwa sababu hakujua la kufanya. Shomari alimwona. Akatwaa ile ndoo mkononi mwake, akapiga bakora chini.

"Pisheni! Maji ya maiti hayapangi foleni."

Mtu mmoja akanong'ona kwamba yule si wa dini yetu. Shomari akamgeukia: "Kafa au hakufa?" Watu wakapisha. Alimchotea mwenyewe, kwa mikono yake, akambebea mpaka mlangoni. Siku hiyo nilimpenda mzee yule. Nikajiambia, haya ndiyo aliyokuwa akiyalinda, na nilikuwa nimemcheka bure.

Baada ya mtoto yule wakafuata wengine, mpangaji, kisha mwingine, kisha nyumba ya pili. Ndipo akaja bwana afya, kijana aitwaye Kornelio, mabuti yamejaa tope, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alizunguka kisima, akatazama choo cha Jamali, akarudi, akasema ni kipindupindu na kinatoka hapa.

Shomari alisimama. Sitasahau uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa haki yake baada ya kusubiri sana.

"Mmesikia?" akapaza sauti. "Upande wa kibla! Mmesikia sababu? Babu alijua!"

Watoto wa watu wamelala chini ya udongo, na mzee anasherehekea. Lakini nilimwelewa pia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Vizuri, mzee," Kornelio akasema. "Basi tunakifunga. Wiki mbili tu, tutie dawa, tupime."

Ile furaha ikamtoka usoni. Wiki mbili tu. Kijana masikini hakujua amegusa nini.

"Kisima cha wakfu hakifungwi," Shomari akasema. "Fungeni choo."

"Choo tutakifukia. Lakini maji yameshaharibika."

"Hakifungwi. Mlikifunga mara moja."

Gregori alijitahidi. "Shomari, hii ni amri ya kuokoa watu. Huu si ule mpango."

"Wote walisemaga si ule mpango."

Awadh naye akajaribu, akasema watu wachote bure kwenye tangi lake mpaka mambo yapoe. Kwa Awadh kusema bure ilikuwa sawa na kutoa figo. Shomari hakumtazama. Mimi nikashindwa, nikatoka barazani kwangu na sindano mdomoni, nikamwambia mbele ya wote: "Mzee Shomari, babu yako alikitoa watu waishi! Unahifadhi watu au unahifadhi maneno?"

"Rudi kwenye cherehani yako, Mama Talha," akanijibu. "Nikianza kuchagua neno lipi la babu nilishike na lipi nilitupe, basi mie ndiye babu sasa. Na mie si babu."

Kornelio hakuwa na mtu wa kumsaidia kutumia nguvu. Alisema atarudi kesho na mgambo, akaenda zake kwenye mtaa mwingine wenye maiti zake. Watu wakabaki wamesimama na ndoo tupu. Hakuna aliyesogea. Mmoja mmoja wakaanza kuelekea kwa Awadh, na wengine wakawa wanasema, si kwa sauti ndogo, kwamba kisima cha akina Shomari kinaua.

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni kwake muda wote huo. Mwanamke mfupi, mpole, ambaye katika miaka yote ile sikumsikia akimpinga mumewe hadharani hata kwa kikohozi. Akaja polepole kwenye matope, akavua viatu kama ilivyo desturi ya kukisogelea kisima. Akainama na kata, akachota.

"Mwanakombo," nikamwita. "Dada, usifanye hivyo."

Akanitazama. "Mwanamke anayeacha mumewe atukanwe njiani ana nyumba gani, mwenzangu?" Akasema bismillahi, akanywa kata nzima, taratibu, watu wanaona. Kisha akafuta midomo kwa kanga.

Na Shomari aliona fahari. Nilimwona. Mgongo wake ulinyooka kuliko wa Gregori. Nilimchukia mchana ule, nalisema bila kuuma maneno, na mpaka leo sijui kama chuki ile imekwisha.

Kesho yake Kornelio alikuja na mgambo na mabati. Alimkuta Shomari amekaa juu ya mawe ya kisima, kichwa kimeinama. Wakajiandaa kwa ugomvi. Hakukuwa na ugomvi. Bi Mwanakombo alikuwa amekwisha kuchukuliwa alfajiri kwa mkokoteni kupelekwa kwenye kambi ya wagonjwa, macho yamezama, ngozi ya mikono inabaki ilipovutwa. Shomari akainuka, akashika bati upande mmoja na mgambo upande mwingine, wakakifunika. Alisaidia hata kuweka mawe juu yake.

Jamali naye alikuwa kwake anafukia choo, peke yake, jembe mkononi, mvua inampiga, analia kwa sauti kama mtoto. Yule ni mama yake aliyemlea. Majirani wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa, lakini guu lililovunjika halikuwa lake.

Bi Mwanakombo alikufa jioni ile. Asubuhi iliyofuata Kornelio aliruhusu aletwe nyumbani, tukamwoshe uani, wanawake wachache tu, tukiwa na glavu na dawa aliyotupa, na watu wasisogee. Nilikuwa mmoja wa waoshaji. Tuliweka kitanda, tukazungushia makanga, tukatayarisha pamba na karafuu maiti. Kilichobaki ni maji.

Kuchota si kazi ya mfiwa. Vijana walikuwapo, na Jamali alikwishanyoosha mkono. Shomari akaikataa mikono yote, akatwaa ndoo mwenyewe. Miguu ikampeleka ilikozoea. Nilimwona kwa uwazi wa makanga akifika kisimani, anasimama mbele ya mabati, anavua viatu. Kisha akavivaa tena, akageuka, akavuka njia kuelekea kwenye tangi la Awadh.

Foleni ilikuwa ndefu, maana sasa mtaa mzima ulikuwa pale. Wengi walimpa kisogo na hawakumwona. Mzee Shomari, ambaye tangu nimjue alipiga bakora chini na kuipasua foleni kwa sababu ya maiti ya yeyote, hata ya mtu asiyemjua jina, alikwenda mpaka mwisho wa foleni ile, akaweka ndoo yake chini, akasimama nyuma ya mtoto wa kike mwenye dumu.

Awadh alikuwa kwenye bomba la tangi, ameinama. Aliyemwona kwanza ni Margareta. Alikuwa mbele, ndoo yake imekwisha kujaa, anataka kujitwisha. Akaiacha, akatembea mpaka nyuma.

"Ni ya mama, mzee?"

Shomari akaitikia kwa kichwa.

Margareta akageukia watu. Hakupaza sauti sana, ila mtaa ulikuwa kimya na nilimsikia mpaka uani. "Pisheni jamani. Ya maiti hayapangi foleni."

Foleni ikapasuka katikati. Hakuna aliyebisha, hata wale waliozika. Awadh akasimama na mikono inadondosha maji, akasema, "Njoo, ndugu yangu, njoo mbele." Shomari hakusogea.

"Mwanangu," akamwambia Margareta, "mie ndiye niliyekuchotea yale ya mwanao. Nilikuchotea kwa mkono huu."

"Najua, mzee."

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa. Mungu hakutaka nife."

Margareta akamsubiri atembee. Alipoona hatembei, akarudi mbele, akajitwisha ndoo yake mwenyewe iliyojaa, akaja nayo uani kwetu, akaitua taratibu miguuni pa kitanda. Kwa maji yale ndiyo tulimwosha Bi Mwanakombo, tangu kichwani mpaka unyayoni, na yalitosha.

Shomari hakuja nyuma yake. Nilipofunua makanga kuita wanaume wa kubeba jeneza, alikuwa bado palepale, mahali pa mwisho pa foleni, ndoo tupu mkononi, akiwapisha waliokuja baada yake.